Mwaka wa Mapipa ya Ngombezi

Habari za kifo cha Elisha zilinikuta sokoni Handeni, mkononi nimeshika fungu la mchicha ambalo mwishowe sikulinunua. Aliyenipigia simu ni kaka yangu Bakari. Alinisalimia mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Yule kijana wa Ngombezi amefariki. Wanazika kesho." Kijana mwenyewe alikuwa anakaribia miaka hamsini, lakini kwa Bakari alibaki kijana kwa sababu alimwona mara moja tu, siku aliyokuja kunichukua, na hakutaka kumwona tena. Nilimshukuru. Nikarudisha mchicha mezani, mwenye meza akaniuliza kama nina mgonjwa, nikamjibu kwamba hapana, sina mgonjwa tena.

Kesho yake nilifika Ngombezi wakati jeneza linatolewa ndani. Mazishi yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda mazishi ya mtu asiye na mke wala watoto wa kumlilia. Baada ya makaburini watu wa kanisa walikula wali na maharage, wakaomba, wakaaga. Mimi niliingizwa chumbani kwa Mama Elisha. Alikuwa ameketi juu ya godoro sakafuni, miguu ameinyoosha, macho yake yote mawili meupe kama maziwa. Nilipomwambia shikamoo aliijua sauti kabla sijataja jina. Hakulia. Aliushika mkono wangu akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza kama nimekula. Chumba kilikuwa kilekile, chenye ukuta uleule mweusi wa moshi na dirisha lile dogo linalotazama kiwandani. Nilikaa pale nikisikia sahani zinaoshwa nje, na mwaka mzima ukanirudia ukiwa na harufu zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa mchapaji katika ofisi ya mradi wa maji Handeni. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na feni moja. Chumba cha kati kilikuwa cha Elisha, aliyeajiriwa kupanga kazi za mradi. Alikuwa Msambaa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusugua kidevu anapofikiri. Kwenye ukuta wake alikuwa amebandika karatasi nyingi zilizoungwa kwa gundi mpaka zikawa kama shuka, na juu yake kulikuwa na mistari ya buluu iliyopangika kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari hiyo ilitoka kwenye laptopu yake mwenyewe, ndani ya programu ya kupanga miradi aliyoisomea chuoni. Saa za chai tulikula mihogo ya kukaanga kwenye meza yake, naye akinifundisha. Kila mstari ni kazi moja, aliniambia, na urefu wake ndio muda wake. Ukiona mshale umetoka mstari huu kwenda ule, ujue ule hauwezi kuanza mpaka huu umalizike. Ukichelewesha mmoja, programu yenyewe inaisogeza yote inayoufuata, huna haja ya kuigusa. Hilo la mwisho lilimfurahisha sana. Alilionyesha tena na tena, akivuta mstari wa kuchimba mitaro, na mistari yote ya chini yake ikisogea kulia kama watu wanaopeana nafasi kwenye benchi.

Kati ya chumba chake na cha mhandisi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa hiyo tuliujua mwisho wa mradi kabla hatujatangaziwa. Mwanzoni mhandisi alikuwa anapiga simu Dar es Salaam kwa sauti ya kufoka. Baadaye akawa anapiga kwa sauti ya kuomba. Kisha ikawa hapigi kabisa, anakaa tu, tunasikia kiti kinalia. Mabomba yalikuwa yamekwisha kulazwa kando ya barabara, na yalibaki pale, mbuzi wakijikinga jua ndani yake. Wanawake wa Handeni waliendelea kupanga madumu kisimani kama walivyofanya mama zao. Elisha aliendelea kuusogeza mpango kila asubuhi, mitaro ikaenda mwezi ujao, mwezi ujao ukaja akaipeleka mbele tena, mpaka mwenye nyumba alipotutaka funguo. Siku hiyo alibandua karatasi zake ukutani polepole, asizichane, akazikunja, akaziacha juu ya meza.

Nyumbani kwetu sitapaeleza hapa. Nilirudi, nikakaa, sikuwa na la kufanya. Baada ya wiki kadhaa Elisha alinipigia akasema mama yake anahitaji msaidizi, kazi ipo, na kuna mambo ya kupanga ambayo peke yake hayawezi. Niliwaaga wazee kwamba nimepata kazi ya ukarani Korogwe, upande wa mashamba ya mkonge. Sikuwaambia ni karani wa nini.

Kambi ya Ngombezi ilikuwa safu za vyumba vilivyoshikana, vya wakata mkonge na watu wa kiwandani. Hewa yake ilikuwa na uchachu wa maganda ya mkonge yanayooza, na mchana kutwa ulisikia korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, ikinguruma kama gari lisiloondoka. Mama Elisha alikuwa na vyumba viwili vya mwisho wa safu, na nyuma yake kibanda cha makuti chenye mafiga makubwa na mapipa manne. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, na tayari siku zile macho yake yalikuwa mekundu yanayotoka machozi kwa moshi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akanishika bega, akaniingiza ndani. Kabla ya lolote alinionyesha sufuria mpya iliyotundikwa kwenye msumari. "Wewe ni Mwislamu," alisema. "Hii ni yako. Haijaguswa na pombe na haitaguswa." Jioni ile tulikula bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga iliyochemshwa kwa nazi, mimi kutoka kwenye sufuria yangu, wao kutoka kwenye yao, na hapakuwa na neno zaidi juu ya dini mpaka nilipoondoka.

Pombe yake ilikuwa ya mahindi na kimea cha ulezi. Wengine kambini walikamua miwa wakapata boha, ambayo ni ya haraka, lakini wanaume wa kiwandani walisema boha ni ya vijana na hii ya Mama Elisha ndiyo inayokaa tumboni. Ni pombe ya hatua nyingi. Ulezi uuloweke, uuoteshe, uuanike, uusage. Mahindi yapikwe uji mzito, upozwe, uchanganywe na kimea, upikwe tena, uachwe uchachuke, uchujwe. Ikiiva ina siku chache tu, halafu inakuwa siki. Shida ya Mama Elisha ilikuwa moja tangu alipofiwa na mume: pombe ilikuwa inaiva watu wakiwa hawana kitu, na watu wakilipwa inakuwa bado uji. Wakati mwingine mvua ilikuja ulezi ukiwa uani. Wakati mwingine lori la mahindi kutoka Magoma halikufika. Alikuwa ameishi hivyo miaka na aliona ndivyo dunia ilivyo.

Elisha hakuona hivyo. Alikuwa amekaa kambini bila kazi mpaka ameanza kuongea na kuta, na nadhani aliishika pombe ya mama yake kama mtu anayezama anavyoshika chochote kinachopita. Alikuwa anachajisha laptopu kwa kinyozi mwenye sola, kisha anakuja nayo chini ya shati, na tunakaa watatu kwenye mkeka. Nilimsaidia kuandika kazi zote, pipa kwa pipa. Kuloweka, kuotesha, kuanika. Tuliweka siku za malipo ya kiwandani kuwa ndizo nguzo, tukahesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kuloweka ulezi. Tuliweka magulio ya Mashewa, ambako ulezi hupatikana. Programu ilituuliza nani anafanya kila kazi, tukaandika Mama. Tulipomaliza, safu nzima yenye jina lake iligeuka nyekundu.

Mama Elisha alikuwa hajui kusoma sana, lakini rangi aliiona. Aliinama akakaribisha uso kwenye kioo, mwanga ukammulika mikunjo, akauliza, "Mimi ndiyo hiyo nyekundu?"

Elisha alimweleza kwamba mashine inasema amepewa kazi nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza. Inamtaka awe kwenye mafiga na kwenye kinu na sokoni kwa wakati mmoja. Mama alicheka kidogo akasema basi mashine ina macho, maana watu wa kambi hii hawajawahi kuliona hilo. Alikwenda kutazama moto. Elisha akaandika jina langu kwenye nusu ya kazi zake, na wekundu ukapungua. Haukuisha.

Lazima niseme kwamba mpango ulifanya kazi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka ule kila kitu kilikwenda kama tulivyokiandika. Pipa la kwanza liliiva siku ya malipo, la pili lilifuata pale la kwanza lilipokuwa linafika chini, na la tatu lilikuwa tayari kwa wale waliokopeshana. Niliamka alfajiri kugeuza ulezi kwenye magunia yenye unyevu, nikajua namna mche mweupe unavyochungulia, na harufu yake tamu ya majani mabichi. Sikuwahi kuionja pombe yenyewe. Mchana niliketi nyuma ya ukuta wa kibanda nikiponda, na kutoka upande wa pili nilisikia mazungumzo ya wanaume waliotoka zamu, wasioniona. Sauti niliyoizoea zaidi ilikuwa ya Mzee Titus, fundi wa korona, aliyekaa mahali pamoja siku zote, karibu na mlango. Alikuwa na kikohozi cha vumbi la mkonge na alipenda kusema kwamba siku hizi kwa Mama Elisha ni kama reli ya enzi zile; unajua saa, unakuja, unaikuta. Wenzake walicheka. Kisha wangeshusha sauti na kuongea habari za vipuri ambavyo haviji, za kisu cha korona kilichochomelewa mpaka hakina pa kuchomelewa tena, za meneja anayeonekana mara chache. Nilisikia hayo yote. Niliyasikia kama unavyosikia mvua ya jirani.

Mwezi wa Ramadhani Elisha aliuweka kwenye kalenda ya programu kama mwezi wa kazi ndogo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanywaji wake walikuwa Waislamu na mwezi huo waliacha. Tulipika pipa moja tu la Wakristo. Nilifunga huku nakoroga uji wa pombe, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi. Magharibi Mama Elisha aliacha mapipa, akanawa mikono mpaka viwiko, akanipikia uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi kwenye sufuria yangu. Alikaa mbele yangu kunitazama nikifungua, kama mtu anayehakikisha mgonjwa amemeza dawa. Jioni moja Elisha aliweka laptopu kwenye mkeka kati yetu akaniambia nitazame mwisho wa mpango, kulia kabisa, mahali ambapo sikuwa na kazi ya kupatazama. Palikuwa na mistari miwili mipya. Wa kwanza uliandikwa kwamba Elisha anaondoka kutafuta kazi, na ulishikiliwa na mapipa yote, na mstari wa kumpeleka mama hospitali kwa ajili ya macho, na mstari wa kumpatia msichana wa kudumu wa kumsaidia. Wa pili ulitoka kwenye wa kwanza kwa mshale. Uliandikwa, Kwenda Handeni kwa wazee wa Mwanaidi.

Alikuwa anatazama moto. Nilisoma mara ya pili kuhakikisha jina ni langu. Nikamwambia mstari ule ameufanya mfupi mno, kwetu wazee hawamalizi maneno kwa siku moja. Aliuvuta ukarefuka. Mama yake alikuwa mlangoni, na sijui kama alielewa, lakini aliniongezea magimbi. Niliolewa baadaye kwa posa halali, kwa mkeka na mashahidi na kahawa, na aliyenioa ni mtu mwema. Bado, mtu akiniuliza ni lini niliposwa, jioni ile ndiyo hunijia kwanza, nami huisukuma pembeni.

Korona ilisimama baada ya Idi. Ilisimama katikati ya mchana. Watu walitoka vyumbani kusikiliza, kwa sababu kelele ile ilikuwa ndiyo ukimya wetu, na kutokuwepo kwake kulitutoa usingizini. Mzee Titus alikuja jioni mikono ikiwa myeusi mpaka mabegani, akakaa mahali pake, akasema safari hii hakuna cha kuchomelea. Alisema meneja ameahidi kipuri. Elisha alipeleka siku ya malipo mbele, na mistari yote chini yake ikasogea kulia, na ile miwili ya mwisho ikatoka kwenye kioo, ikabidi asukume ukurasa kuitafuta. Alisema si kitu, ni mwezi tu. Malipo hayakuja mwezi huo. Wakata mkonge walianza kuondoka, kwanza wasio na familia, kisha hata wenye familia, magodoro juu ya baiskeli, wakaenda kulima vibarua Magoma na Mashewa au wakarudi kwao. Vyumba vilivyobaki vitupu vilifungwa kwa waya.

Pombe haijui habari za vipuri. Mapipa mawili yaliiva kwa siku yaliyopangiwa, na hapakuwa na mtu. Mama Elisha aliwagawia waliobaki, akawapelekea wazee, hata hivyo yakabaki zaidi ya nusu, yakageuka siki. Tuliyamwaga asubuhi moja nyuma ya kibanda, mimi na Elisha tumeshika pipa huku na huku, mama amesimama kando amejifunga kiuno. Kitu kile cheupe kilitiririka mpaka kwenye mfereji wa kiwandani. Kuku walikuja wakanywa wakaanza kuyumba, na jirani mmoja akacheka. Ilikuwa kazi ya watu watatu ya zaidi ya wiki moja ikipita kati ya miguu yetu. Elisha alirudi ndani, akafungua laptopu, akapanga upya, mapipa mawili badala ya manne, kisha moja. Ni wakati huo alipoanza kuonja. Alisema lazima mtu ajue pipa limefikia wapi ili mpango uwe sahihi. Alionja kwa kikombe kidogo cha chai. Mama yake alikiona kikombe, na mimi nilikiona, na baada ya muda kikawa kikubwa zaidi, na sisi wawili tulitazamana juu ya mafiga.

Kisha simu ilikuja. Alikuwa mhandisi wetu wa Handeni. Alikuwa amepata mradi mwingine wa maji, huko Mpwapwa, na alimtaka Elisha kwa kazi ileile, lakini alimtaka Jumatatu. Elisha alitoka nje kuongea. Nilimsikia akiomba muda, akieleza kwamba kuna shughuli ambazo hazijaisha na nyingine zinategemea hizo. Alirudi akakaa. Mama yake aliuliza simu ilikuwa ya nani, akaambiwa. Akaendelea kupepeta ulezi kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Utakwenda," alisema.

"Na wewe je? Macho yako bado. Msichana wa kukusaidia hatujampata."

"Mimi nilikuwa hapa kabla ya hicho kisanduku. Utakwenda, Elisha."

Mimi nilimwambia kwamba nitabaki na mama mpaka atakapotulia huko na kutuma habari. Alinitazama, akasugua kidevu, akakubali. Sijawahi kumwona mtu anayekubali jambo jema kwa uso wa huzuni kiasi kile. Ijumaa alifua nguo zake, nikazipiga pasi ya mkaa. Jioni tulikula kuku, wa mwisho aliyekuwa uani, na mama aliwasimulia majirani kwamba mwanawe anakwenda kuchimba maji. Kwa siku moja na nusu nyumba ile ilikuwa na furaha, na ninaikumbuka furaha hiyo kwa undani kwa sababu ni fupi: wimbo wa kanisa aliokuwa akiuimba mama chinichini, mafuta ya kuku kwenye vidole vyetu, begi limesimama mlangoni limefungwa kwa kamba.

Jumamosi asubuhi Mama Elisha aliteremsha chungu cha uji wa pombe. Nilikuwa kisimani, na Elisha alikuwa amekwenda kuaga kanisani. Hapakuwa na haja ya kukiteremsha peke yake. Nadhani alitaka kujionyesha mwenyewe kwamba anaweza. Moshi ulikuwa mwingi na macho hayakumwonyesha gogo lililotoka kwenye figa, akajikwaa, uji ukammwagikia. Niliposikia ukelele niliacha ndoo. Uji ule si kama maji, hautiririki ukaisha. Unashika ngozi na kuendelea kuunguza. Mguu wa kushoto na tumbo. Mzee Titus na wanaume wengine wawili walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukapata gari la mkaa likatufikisha hospitali Korogwe. Elisha alitukuta huko akiwa bado na shati lake la safari.

Jumatatu ilipita tukiwa kwenye benchi la wodi. Mhandisi alipiga mara mbili, kisha akapiga mara ya mwisho kusema pole, na kwamba amempata mtu mwingine. Elisha alimshukuru kwa adabu zote. Mama alikaa wodini mpaka mvua za vuli zikaanza, na aliporudi nyumbani alikuwa anatembea kwa kuburuta mguu, na macho, ambayo daktari alisema tulipaswa kuyaleta mapema, yalikuwa yamebakiwa na mwanga tu. Mimi nilipika, nikafua bandeji, nikamwosha. Elisha alipika pombe. Hakukuwa na namna nyingine ya kula.

Bakari alikuja mwezi mmoja baadaye. Mtu alikuwa ameniona Korogwe nimebeba magunia ya kimea, na habari zilifika Handeni zikiwa zimeongezewa chumvi, kwamba nimekuwa mama pombe na ninaishi na Mkristo bila ndoa. Kaka yangu si mtu wa matusi. Alimsalimia Mama Elisha shikamoo, akampa pole ya mguu, akakataa kiti. Akaniambia nichukue vitu vyangu, baba haumwi lakini hali chakula. Nilifunga kanga zangu. Nilichelewa makusudi. Nilikuwa nasubiri Elisha aseme neno moja, lolote, hata kama ni la kijinga, mbele ya kaka yangu. Angesema nimekusudia kumwoa, ningekaa chini palepale sakafuni, na Bakari angenikokota.

Alikuwa amesimama karibu na mapipa, macho mekundu, kwa moshi au kwa kitu kingine. Nilipompita akasema kwa sauti ndogo, "Nitaupanga upya."

"Panga," nilimwambia. Nikatoka.

Mama Elisha aliita jina langu mara moja kutoka ndani. Sufuria yangu niliiacha kwenye msumari wake.

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri ni nani alikosea, na sijampata. Mama alitaka mwanawe aende. Mwana alitaka mama apone. Kaka yangu alitaka baba yetu ale. Hata yule mhandisi alipiga mara tatu. Kila mmoja alifanya lililo sawa, na tukaishia hapa. Nilipokuwa kijana nilidhani maisha huharibika kwa sababu mtu hakuyapanga. Sasa najua kwamba unaweza kuyapanga vizuri, kwa rangi na mishale, na yakakusogea mbele siku baada ya siku bila kelele, mpaka siku moja unatazama na hayapo. Elisha alinipigia mara chache katika miaka ya kwanza. Aliniambia laptopu imekufa na kinyozi hajui kuitengeneza. Nilipomwambia nimeolewa alinitakia heri, na nikajua kwa sauti yake kwamba amekunywa, ilikuwa saa nne asubuhi. Baadaye kiwanda kilipata mwenye mali mwingine, korona mpya ikaja, watu wakarudi kambini, na Mama Elisha na mwanawe wakaendelea kupika kama alivyokuwa akipika zamani, leo ipo kesho haipo. Elisha alikunywa nusu ya alichopika. Ini ndilo lililomuua, walisema makaburini, ingawa mchungaji alisema ni maradhi ya muda mrefu.

Jua lilipoanza kupungua makali Mama Elisha alisinzia akiwa bado ameshika mkono wangu. Niliutoa polepole nikatoka uani. Watu wa kanisa walikuwa wamekwenda, na wanaume wa kambi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja, bila haraka, kwa adabu ya msiba. Chini ya makuti mwanamke mmoja jirani, wa rika la binti yangu mkubwa, alikuwa anahangaika kuchuja pipa ambalo marehemu alilipika wiki aliyougua. Alikuwa ameshika kitambaa kwa mkono mmoja na kata kwa mkono mwingine, na machicha yalikuwa yanamwagika. Nilikunja kanga, nikashika kitambaa upande wa pili, tukakivuta pamoja mpaka kikakaza. Alinishukuru. Tuliendelea kuchuja, pombe ikishuka kwenye ndoo, kisha akanitazama vizuri, mtandio wangu, viatu vyangu vya mjini, akaniuliza kwa upole, "Samahani mama, marehemu alikuwa nani wako?"

Nikamwambia tulifanya kazi ofisi moja, Handeni.